Unyevu, baridi na koki iliyo wazi: umeme na maji ya maabara za utafiti Mtwara na Lindi yanakokwenda

Pita nyuma ya jengo lolote la maabara mjini Mtwara mchana wa Februari, wakati wa kaskazi, uangalie ukutani. Chini ya kila kiyoyozi kuna kibomba cheupe kinachodondosha maji. Mengine yamechimba kishimo mchangani, mengine yamelea kichaka cha mchicha pori ambacho hakuna aliyekipanda. Maji hayo hayakutoka bombani. Ni mvuke wa bahari ulioingia maabara kupitia dirisha la luva, mlango uliokaa wazi na upenyo wa dari, ukapozwa kwa umeme ukawa maji.

Weka ndoo ya lita 20 chini ya kibomba kimoja na utakuwa na mita ya bure. Kugeuza lita moja ya mvuke kuwa maji ni lazima kiyoyozi kiondoe joto la takriban megajuli 2.45. Kiyoyozi cha hali nzuri, kinachoondoa yuniti tatu za joto kwa kila yuniti moja ya umeme, kinatumia karibu robo yuniti kwa kazi hiyo. Kwa hiyo ndoo ikijaa, yuniti nne na nusu hivi zimeondoka kwa kukausha hewa tu, kabla hujahesabu kuipoza.

Tunaanza na ndoo kwa sababu miongozo mingi ya kuhifadhi mazingira maabarani imeandikwa na watu wa nchi za baridi. Mfumo wa LEAF, wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, ulibuniwa na chuo kikuu cha UCL cha London. My Green Lab ni ya California. Ni miongozo mizuri na inafaa kusomwa, ila London hewa ya Januari huingia ndani ikiwa baridi na kavu, na gharama yake ni kuipasha. Huku kusini hewa huingia ikiwa moto na imelowa. Ukifuata orodha yao neno kwa neno utabadilisha taa zote na kupanga mapipa ya rangi tatu, huku mzigo mkubwa ukiendelea kudondoka nyuma ya nyumba.

Soma mita Ijumaa jioni

Kabla ya kununua chochote, pima. Ijumaa saa 11 jioni, mtu wa mwisho akishatoka, andika namba iliyo kwenye mita ya jengo. Jumatatu saa 1 asubuhi andika tena, kisha gawanya tofauti kwa saa 62. Jibu ni umeme unaoliwa na maabara isiyo na mtu. Linganisha na wastani wa saa za kazi. Maabara ambayo usiku wa Jumapili inakula zaidi ya nusu ya inachokula Jumanne mchana haina tatizo la tabia za watafiti. Shida yake ni vifaa vilivyoachwa vinafanya kazi kwa sababu hakuna anayejua ni vya nani.

Dawa ya hilo ni vibandiko vya rangi. Chekundu: usizime kamwe. Cha njano: uliza kwanza, na jina la wa kuulizwa liandikwe hapo hapo. Kijani: zima ukimaliza. Oveni ya kukaushia, bafu la maji, sentrifuji, kompyuta ya mashine na taa ya miale ya urujuanimno kwenye kabati la usalama wa kibayolojia, vyote ni kijani, na vyote hukutwa vinawaka usiku. Bila kibandiko, mwanafunzi mwenye nia njema anaogopa kuzima inkubeta ya mwenzake, na anafanya vyema kuogopa.

Kwa kifaa kimoja kimoja tumia mita ndogo ya kuchomeka kwenye soketi. Iache wiki nzima. Friza na oveni huwaka na kujizima zenyewe, kwa hiyo ukipima dakika kumi utapata namba ya uongo. Taa usizipe muda mwingi. Taa 20 za mrija za wati 36 zikiwaka saa 10 zinakula yuniti 7.2 kwa siku, na ukiweka za LED za wati 18 zinabaki 3.6. Zibadilishe zikiungua, kisha endelea na mambo makubwa.

Kabati la kuvuta mvuke

Kubwa kuliko yote ni lile kabati lenye kioo cha kupandisha na kushusha, ambalo feni yake iko juu ya paa na hutoa mvuke wa kemikali nje. Hesabu yake inafaa kufanywa kwa kalamu. Kabati lenye upana wa mita 1.2, kioo kikiwa juu sentimita 45, hewa ikiingia kwa kasi ya nusu mita kwa sekunde, linatoa nje mita za ujazo 0.27 kila sekunde, yaani karibu 970 kwa saa. Hewa hiyo ni ile uliyolipia kuipoza. Pengo lake linajazwa na hewa ya nje.

Tuseme nje ni nyuzi 30 na unyevu asilimia 80, na ndani unataka nyuzi 24 na asilimia 55. Kuitengeneza hewa hiyo mpya kunahitaji kuondoa joto la karibu kilowati 11, sawa na kazi ya viyoyozi vitatu vya BTU 12,000 vikiwa katika nguvu yao yote. Sehemu nne kwa tano za joto hilo ni unyevu. Zaidi ya lita 12 za maji zinatolewa hewani kila saa kwa ajili ya kabati moja. Kwa umeme ni yuniti tatu na nusu hivi kwa saa. Likiachwa saa 10 jioni hadi saa 2 asubuhi, ni zaidi ya yuniti 55 kwa usiku mmoja.

Hapo ndipo mwongozo wa kigeni unasema: shusha kioo. Ni kweli, lakini nusu. Ushauri huo unaokoa umeme kwenye makabati ambayo feni hupunguza kasi yenyewe kioo kikishuka. Makabati mengi yanayofungwa huku yana feni ya kasi moja. Ukishusha kioo, hewa inapita kwenye mwanya wa juu au inaongeza kasi chini, na inayotoka nje haipungui sana. Kioo kishushwe siku zote kwa sababu kinakinga uso. Kwa umeme, kinachookoa ni swichi ya feni. Kazi ikiisha na kabati likiwa tupu, zima.

Tatizo ni kwamba kabati huwa halibaki tupu. Chupa za asidi, dumu la mabaki na bika ya mtu aliyehitimu mwaka juzi vimejaa ndani, na kwa hiyo feni haiwezi kuzimwa. Toa chupa zote, uzipeleke kwenye kabati la kuhifadhia kemikali lenye bomba dogo la hewa. Kazi hiyo ya asubuhi moja ina faida kuliko paneli kadhaa za sola.

Kasi ya hewa nayo ipimwe mdomoni mwa kabati kwa anemometa, angalau mara moja kwa mwaka. Mita 0.4 hadi 0.5 kwa sekunde inatosha. Kuna wanaoamini kwamba kasi ikiwa kubwa usalama unaongezeka. Hewa ikienda mbio huzunguka mwili wa anayefanya kazi, ikajikunja mbele ya kifua chake na kurudisha mvuke puani kwake. Ikiwa chini ya 0.3, panda juu ya paa kwanza kabla ya kuagiza feni mpya: chumvi ya bahari hula mapanga na fremu, na mkanda hulegea ukateleza huku mota ikilia vilevile.

Kiyoyozi kikubwa si kiyoyozi bora

Chumba kikiwa na fukuto, watu hununua kiyoyozi kikubwa zaidi. Matokeo huwa chumba cha baridi chenye majimaji: karatasi zinajikunja, lebo zinabanduka, chumvi za kemikali zinashikana ndani ya chupa. Kiyoyozi kilichozidi ukubwa hufikisha nyuzi ulizoweka ndani ya dakika chache kikajizima, kabla koili haijakaa baridi muda wa kutosha kukamua maji hewani. Feni inapoendelea, hata yale maji yaliyoshika kwenye koili yanapulizwa yakarudi chumbani. Hapo mtu anashusha hadi nyuzi 17, kuta zinaanza kutoa jasho, na ukungu unaota nyuma ya makabati na ndani ya lenzi za hadubini.

Weka nyuzi 24 au 25. Ziba luva za chumba chenye mashine, au weka dirisha la kioo kinachoziba. Mizani na mashine za vipimo vipelekwe kwenye chumba kimoja kidogo, na hicho tu ndicho kikaushwe sawasawa kwa mashine ya kuondoa unyevu. Chumba cha kuoshea vyombo kinaweza kuishi kwa feni na madirisha wazi kama nyumba yoyote ya Mikindani.

Upande wa nje, mwoshee kiyoyozi chumvi kwa maji baridi yasiyo na presha kubwa kila mwezi au miezi miwili. Mapezi ya alumini yakiliwa na chumvi yanageuka unga mweupe, joto linakosa pa kutokea, na kompresa inazunguka bila kupumzika. Unaponunua kipya, uliza kama koili ya nje ina koti la kuzuia kutu.

Kuhusu yale maji ya ndoo: yanafaa kumwagilia bustani, kupigia deki na kusuuzia vyombo mara ya kwanza. Yasitumike kutengenezea myeyusho wa vipimo. Hayana chokaa, lakini yamepita juu ya vumbi, bakteria na shaba ya koili.

Friza ya hasi 80

Friza kongwe ya nyuzi hasi 80 inakula yuniti 16 hadi 25 kwa siku. Mpya zenye ufanisi ziko kati ya 7 na 10. Umeme huo wote huishia kuwa joto chumbani, na kiyoyozi kinatumia kama theluthi ya ziada kulitoa. Friza ya yuniti 18 kwa hiyo ni ya yuniti 24. Ikae kwenye chumba chake, chenye feni ya kutoa joto nje, na iachiwe sentimita 15 hadi 20 nyuma na pembeni. Ukiibananisha ukutani inajipulizia joto lake yenyewe.

Matunzo yake hayahitaji fundi. Kichujio cha vumbi kilicho chini mbele kinachomolewa, kinaoshwa, kinarudishwa, kila baada ya miezi mitatu, au mwezi mmoja kama barabara ya jirani ni ya vumbi. Barafu ikizidi unene wa sentimita moja, ikwanguliwe kwa kipande cha plastiki, si bisibisi. Kisha jaribu mpira wa mlango: funga mlango ukiwa umebana karatasi, halafu ivute. Ikitoka bila upinzani, hewa ya Mtwara inaingia hapo usiku kucha, na kila gramu ya unyevu wake inaganda kuwa barafu mpya. Barafu inasukuma mpira, mpira unaachia zaidi, hewa zaidi inaingia. Ukiona theluji imejikusanya kona moja tu ya mlango, usihangaike na nyingine, uvujaji uko hapo.

Sasa ule ushauri maarufu wa kupandisha friza kutoka hasi 80 hadi hasi 70. Kwa kawaida unapunguza matumizi kwa karibu asilimia 30 na unaongeza umri wa kompresa, na sampuli nyingi hazijui tofauti. Lakini waliotoa ushauri huo hawakatikiwi umeme ovyo. Mtwara na Lindi kwa miaka mingi zilikuwa nje ya gridi ya taifa, zikitegemea mitambo ya gesi ya Mnazi Bay, na mtambo mmoja ukisimama pengo lilionekana mtaa mzima. Friza inayoanzia hasi 70 inafika hasi 50 mapema kuliko inayoanzia hasi 80. Kwa hiyo pandisha, lakini baada ya kufanya mambo mawili. La kwanza ni kujaza nafasi tupu kwa chupa za plastiki za maji zilizojazwa robo tatu, zigande. Barafu hiyo inashikilia ubaridi ambao hewa tupu haiwezi kuushika. Ziingizwe chache chache kwa siku, ukizitumbukiza thelathini kwa mkupuo utaichosha friza. La pili ni kuzima friza kwa makusudi, ikiwa na chupa tu, ukaandika inachukua saa ngapi kufika hasi 50. Namba hiyo ibandikwe mlangoni. Mlinzi wa usiku akiiona anajua ana muda gani wa kupiga simu.

Bora zaidi ni kupunguza vinavyokaa humo. RNA, vimeng'enya vinavyoharibika upesi na bakteria hai ndani ya gliseroli vina haki ya hasi 80. DNA iliyokwisha kutolewa inakaa vizuri hasi 20. Majani ya mikorosho ya kuchunguza vinasaba, yakikaushwa haraka ndani ya mfuko wenye silika jeli, hayahitaji umeme kabisa. Mbegu za ufuta, mbaazi na karanga zilizokaushwa hadi unyevu wa asilimia 5 hadi 7 zinahitaji chombo kisichopitisha hewa kuliko zinavyohitaji barafu. Kilicho kigumu pwani ni kuzikausha, na hilo nalo linafanywa na silika jeli. Chagua ile ya rangi ya chungwa, ya bluu ina kobalti ambayo ni sumu. Ikibadilika rangi inarudishwa kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili hadi tatu, pamoja na vyombo vingine vinavyokaushwa siku hiyo.

Na kila boksi liwe na jina, tarehe na mwenyewe. Boksi lisilo na mwenyewe lipewe tangazo la siku 60 ubaoni, kisha lichemshwe kwenye otoklevu na litupwe. Friza mpya nyingi zinazoombwa ni mbadala wa usafi wa friza za zamani, ingawa hilo halipendezi kuandikwa kwenye bajeti.

Umeme ukirudi, na gesi ikitoka

Friza nyingi hazifi umeme ukikatika. Zinakufa unaporudi. Umeme unaporudi kwa mshindo, friji, friza na viyoyozi vyote vinataka kuwaka sekunde ile ile, na kila kompresa huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida. Kila moja iwe na kinga yake yenye kuchelewesha, na muda utofautishwe: hii dakika tatu, ile tano, ile saba. Faida ya pili ni jenereta. Likibebeshwa vifaa kwa zamu, dogo linatosha. Jenereta kubwa linaloendesha mzigo mdogo, chini ya theluthi ya uwezo wake, huchoma dizeli vibaya, hujaza masizi kwenye ekzosi na kutoa yuniti chache kwa kila lita. Lita moja ya dizeli ni takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi.

Sola inafaa, baada ya kupunguza mzigo. Friza ya yuniti 12 kwa siku, jua likitoa saa tano kamili na robo ya nguvu ikipotea njiani, inahitaji paneli za kilowati 3.2 na betri za kuibeba usiku. Friza ya yuniti 8 inahitaji kilowati 2.1. Tofauti hiyo ni paneli tatu hadi nne ambazo hukununua.

Kuna uchafuzi mwingine usioonekana kwenye mita yoyote, nao ni gesi ya friji. Ukimuuliza fundi anayefungua kompresa, "Fundi, gesi iliyobaki humo unaipeleka wapi?" jibu la kawaida ni "Naiachia tu, mkuu." Gesi ya R-404A ina nguvu ya kupasha dunia karibu mara 3,900 ya kaboni dayoksaidi. Gramu 300 zikiachiwa hewani ni sawa na zaidi ya tani moja. Umeme wa mitambo ya gesi asilia unatoa karibu nusu kilo ya kaboni dayoksaidi kwa yuniti. Fundi huyo kwa dakika tano amefuta akiba ya zaidi ya yuniti 2,000. Andika kwenye mkataba wa matengenezo kwamba gesi inavutwa kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi, na kwamba uvujaji unatafutwa na kuzibwa kabla ya kupiga gesi mpya. Friza mpya zichaguliwe zinazotumia propani na ethani, ambazo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo sana. Gesi hizo zinawaka moto, kwa hiyo fundi awe amezisomea.

Soxhlet, etha na maji ya bomba ya nyuzi 29

Utafiti wa mikoa hii umejaa mafuta: korosho, ufuta, karanga. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, ndicho chenye dhamana ya utafiti wa korosho nchini, na kipimo cha mafuta ni kazi ya kila msimu kwa yeyote anayegusa mazao hayo. Kwa kawaida kinafanywa kwa kifaa cha Soxhlet: kiyeyusho kinachemka chini, mvuke unapanda, unapozwa na maji kwenye kondensa, unadondoka juu ya unga wa korosho, unashuka na mafuta, mzunguko unaendelea saa sita au zaidi.

Koki hufunguliwa kidogo, maji yanapita kwenye kondensa na kwenda moja kwa moja kwenye sinki. Lita moja kwa dakika, vifaa sita, saa sita: lita 2,160 za maji safi kwa siku moja ya kazi, katika mikoa ambayo wakazi wa uwanda wa Makonde wanajua maji ya ndoo yana bei gani.

Suluhisho ni tanki na pampu ndogo ya kuzamisha. Ukubwa wa tanki si wa kukisia. Vifaa sita vya wati 200 kwa saa sita vinamwaga joto la megajuli 26 hivi. Ndani ya tanki la lita 500 maji yatapanda nyuzi 12, na mchana kazi itaharibika. Ndani ya lita 1,000 yatapanda nyuzi 6. Tanki likae kivulini, lipakwe rangi nyeupe, mfuniko ufungwe kuzuia mbu, na kazi ianze asubuhi maji yakiwa yamepoa usiku. Dawa kidogo ya klorini kila wiki inazuia utelezi wa kijani unaoziba mipira.

Lakini kuna kosa la ndani zaidi. Taratibu nyingi zilizoandikwa Ulaya hutaja dayethaili etha, inayochemka nyuzi 34.6, au petroli etha ya nyuzi 40 hadi 60. Maji ya bomba Mtwara mchana yanafika nyuzi 28 au 29. Kondensa yenye maji hayo haiwezi kuirudisha etha yote. Sehemu kubwa inatoroka juu, chupa inakauka kabla ya muda, mtafiti anaongeza nyingine, na chumba kinajaa mvuke unaolipuka kwa cheche ya swichi. Hapo umepoteza pesa, afya na kipimo. Tumia heksani, inayochemka nyuzi 69, au heptani ya nyuzi 98 ambayo haidhuru neva kama heksani, ukiwa umethibitisha kwa sampuli chache kwamba majibu yanalingana. Kiyeyusho kinachobaki kikusanywe kwa kivukizi cha kuzungusha. Sehemu kubwa yake inarudi safi vya kutosha kuondolea mafuta kwenye mzigo unaofuata.

Mtambo wa maji yaliyotoneshwa nao una hesabu yake. Wa kilowati 3 unaotoa lita 4 kwa saa unakula robo tatu ya yuniti kwa lita, na unapitisha lita 10 au zaidi za kupozea kwa kila lita inayotoka. Uunganishe na lile tanki. Chokaa ikishika kwenye hita, inaondolewa kwa asidi ya sitriki kijiko kimoja kwa lita, usiku mmoja. Maji ya kuoshea vyombo yasiwe yaliyotoneshwa. Suuza ya mwisho tu ndiyo inayohitaji.

Kwenye kipimo cha protini cha Kjeldahl, kilichoanza mwaka 1883, angalia kichocheo. Taratibu za zamani zinatumia zebaki au seleniamu. Salfeti ya shaba pamoja na salfeti ya potasiamu inafanya kazi hiyo, kwa muda mrefu kidogo. Zebaki ikiingia kwenye shimo la maji taka katika ardhi ya mchanga na matumbawe haikai hapo, na visima viko chini yake.

Plastiki, kwa kifupi

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walikadiria mwaka 2015 kwamba maabara za utafiti wa kibayolojia duniani zilitupa tani milioni 5.5 za plastiki mwaka uliotangulia. Jibu la haraka ni kurudi kwenye vioo. Sahani za kioo zikichomwa kwenye oveni ya nyuzi 160 kwa saa mbili, oveni ikiwa imejaa, zinashinda plastiki bila ubishi. Oveni ikiwa na sahani kumi tu, hazishindi. Panga siku mbili za kuchoma kwa wiki kwa maabara zote za jengo. Ncha za pipeti za kugusa maji na bafa tu zinaoshwa na kurudiwa. Zilizogusa vimelea au DNA hazirudiwi.

Dumu la mabaki

Kilichobaki baada ya yote haya kinapaswa kusafiri, na Dar es Salaam iko kama kilomita 560. Ndiyo maana kununua kidogo ndiko kunakopunguza mabaki. Chupa ya lita 2.5 inaonekana nafuu kuliko ya nusu lita, mpaka lita mbili zinapopitwa na muda na kuwa mzigo wa kisheria chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Daftari moja la stoo kwa idara zote, linalosomwa kabla ya kila oda, linazuia chupa tatu za kemikali ile ile kuzeeka kwenye vyumba vitatu.

Viyeyusho vyenye klorini, kama klorofomu, viwe na dumu lao. Heksani na ethanoli lao. Metali nzito lao. Ukichanganya, dumu lote linahesabiwa kwa kilicho kibaya zaidi ndani yake na gharama inapanda. Asidi ya nitriki isikutane kamwe na kiyeyusho chochote: inaweza kutulia saa kadhaa ikionekana salama, halafu dumu likavimba na kupasuka usiku. Asidi na dawa ya klorini ya kufulia hutoa gesi ya klorini papo hapo. Asidi safi isiyo na metali inaweza kuzimuliwa kwa magadi au chokaa, asidi ikimiminwa taratibu ndani ya maji mengi, mpaka karatasi ya kipimo isome kati ya 6 na 9.

Dumu lisijazwe zaidi ya robo tatu na kidogo, kwa sababu kwenye stoo ya bati Machi kiyeyusho hutanuka. Lebo iandikwe kwa penseli au wino usiofutika na kiyeyusho, maana ile ya kalamu ya kawaida hufutwa na tone la kwanza la asetoni. Iwe na majina kamili ya vilivyomo, makadirio ya asilimia, tarehe ya tone la kwanza na jina la maabara. NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndio wa kuulizwa kuhusu kibali cha kusafirisha, na waulizwe dumu likiwa nusu, si likishajaa. Dumu likae ndani ya beseni linaloweza kubeba ujazo wake wote, mfuniko umefungwa, mbali na lile kabati ambalo sasa, bila chupa ndani, feni yake inaweza kuzimwa saa 10 jioni.